Kiroba Kilichoshushwa Ukutani

Hapana. Siyo yule Mhindi aliyewaita walinzi. Na huyo aliyekwambia hivyo hakuwepo, alikuwa kwake anakula ugali na kusubiri video ya bure. Mimi nilikuwepo. Nilisimama karibu na yule mama kiasi kwamba mtandio wake ulinipiga usoni alipogeuka, na nilisikia kila neno lililosemwa, la Kiswahili, la Kiingereza na la Kichina. Kwa hiyo usinisimulie wewe mimi.

Nimechoka. Kila nikiingia mgahawani kula pale Huanshi Zhonglu, hapa Guangzhou, China, kuna mtu anaweka kijiko chini na kuniuliza, eti yule Mhindi wako vipi, bado anatuuza? Mhindi wangu. Kama vile nimemfuga. Na anayeuliza hajawahi hata kumsalimia, ila video anayo, kaituma kwenye magrupu yote, mpaka shangazi yangu aliyeko Tandika ananipigia kuniuliza kama tuko salama huku na Wahindi.

Video yenyewe fupi. Inaonesha mlinzi kamshika mkono mama mmoja wa Kizanzibari, mama anapaza sauti, na pembeni kasimama kijana wa Kihindi kanyoosha mikono yote miwili mbele. Nyuma yao ukuta mweupe na picha. Basi, imekata hapo. Kilichobaki watu wamemalizia wenyewe: Mhindi kamchora mama wa watu, kamtundika ukutani apate sifa, mama alipolalamika katolewa kwa nguvu. Hadithi tamu hiyo, haina hata mfupa. Sasa kaa usikilize ilivyokuwa, na usinikatize.

Mimi kazi yangu ni stoo. Nafanya kwenye ofisi ya kago hapa Xiaobei, mtaa wetu Waafrika. Mteja anazunguka maduka ya Guangyuan Xilu kuanzia asubuhi, ananunua nguo, wabebaji wanazileta kwetu, sisi tunazipanga, tunazibana na mashine mpaka robota linakuwa gumu kama jiwe, tunalitia kwenye kiroba cheupe kile cha plastiki ya kufumwa, tunashona mdomo, tunaandika alama. Halafu linakwenda bandarini Nansha, linaingia kwenye kontena, linaondoka. Ndiyo maisha yangu hayo, sina cha kuficha.

Alama hiyo ndiyo mambo yote, kwa hiyo nikueleze kama hujui. Kwetu mzigo hauandikwi jina la mtu. Kila mteja ana alama yake, herufi mbili tatu, au kijimchoro, anaijua yeye, tunaijua sisi, na wanaijua wale wanaopokea kule bandarini Dar. Kiroba chenye alama yako ni chako. Ukikikuta kimesimama popote, hata kama hujui kina nini, unakishika, kwa sababu mtu akija kuuliza atakuuliza wewe. Ndiyo maana kiroba kikichakaa tukakibadilisha, kile cha zamani mwenyewe anakichana pale penye alama kabla hajakitupa. Akina mama wanatembea na viwembe kwenye pochi kwa kazi hiyo. Kulikuwa na dada mmoja wa Mwanza hakuchana. Mtu akaokota kiroba chake, akakijaza vitu vyake vya ajabu, kikasafiri kwa alama ya yule dada. Yule dada alilia bandarini kama mfiwa, anaapa mzigo si wake, na alama inamtazama.

Sasa huyu jamaa yangu. Alikuja stooni kwetu kwa sababu tajiri wake, Mhindi mwenzake, alikuwa anaweka zipu na vifungo kwenye kontena letu. Yeye kazi yake ilikuwa kukagua: anafungua boksi, anatazama, anafunga. Kwao ni mji mmoja wa Gujarati, India, ambako wanachapa kanga. Ndiyo, kanga. Hizo alizojifunga bibi yako zina uwezekano mkubwa wa kuwa zimepita mikononi mwa baba yake, maana yule mzee kazi yake tangu ujana ni kuchapa vitambaa vya kwenda kwetu, na hajawahi kufika kwetu hata siku moja. Na watu wananiambia huyu kijana hatujui.

Kiswahili alikipatia pale pale sakafuni. Nyanyua, kunja, kaza, bado, tayari, kaka, mama, na matusi mawili niliyomfundisha mimi, ambayo aliyatumia vibaya mbele ya bosi wetu tukacheka mpaka tukakaa chini. Hajasomea sanaa popote. Mimi vile vile, Kichina changu nimekiokota kwa wabebaji na Kiingereza changu nimekiokota kwenye maboksi. Labda ndiyo sababu tulielewana.

Siku moja nikamkuta nyuma ya mashine kakaa na sindano ya gunia, ile kubwa yenye mkunjo, na uzi wetu wa kushonea midomo, anashonashona juu ya kiroba kibovu. Nikamwambia anamaliza uzi wa ofisi. Akaendelea kushona. Nikasogea nimnyang'anye. Nikaona mgongo. Mgongo wa mtu aliyeinama, bega moja juu kuliko jingine, shati limejivuta upande wa kiuno. Uzi mweusi tu, hakuna rangi. Nikasema jina la mbebaji wetu mmoja hapo hapo, bila kufikiri, kwa sababu ni yeye. Uso hakuna, lakini ni yeye. Jamaa akacheka, akasema, "Tayari."

Kuanzia hapo uzi nilikuwa namtafutia mimi.

Yule mama wa Zanzibar ndiye aliyemfanya ashone migongo tu. Kabla ya hapo alikuwa anajaribu na nyuso. Mama huyu anauza mabaibui na nguo za watoto, anakuja Guangzhou tangu mimi sijaota ndevu, na stooni kwetu ana kiti chake ambacho hata bosi hakikalii. Jamaa alimwomba amchore. Mama akamtazama kutoka juu mpaka chini.

"Uso wangu sikupi, mwanangu," akamwambia. "Mgongo chukua. Ila huu mpana huu, utakumalizia uzi."

Akageuka, akaendelea kuhesabu maboksi yake, na jamaa akamshona hivyo hivyo kafunika kichwa, mkono mmoja kiunoni. Baada ya hapo akina mama wengine nao wakataka. Wakawa wanasimama makusudi, wanavuta ushungi ukae vizuri, wanataniana nani mgongo wake umejaa. Na kila mmoja alishonwa kwenye kiroba chake mwenyewe cha zamani, chenye alama yake chini. Jamaa ndivyo alivyotaka. Alisema hataki iwe mama yeyote, anataka iwe huyu. Wenyewe walikuwa wamegeuka, hawakuona ni kiroba gani. Viroba alipewa na bosi wetu, kutoka lile lundo la kusubiri kuchanwa. Ile habari ya kuchana hakuna mtu aliyemwambia, mimi nikiwemo. Tuliona kama inajulikana, kama vile hujamwambia mtu maji yanalowesha.

Halafu likaja hilo jumba la sanaa. Liko ng'ambo ya mto, kwenye majengo mapya ya vioo. Wakatangaza maonesho ya wasanii chipukizi wa Kihindi, na jamaa akatuma picha za viroba vyake kwa simu, akachaguliwa. Siku hiyo alinikumbatia pale stooni mpaka nikamsukuma, watu wanatazama. Nikamuuliza furaha yote hiyo ya nini. Akanieleza, kwa Kiingereza na Kiswahili na mikono, kwamba baba yake amemwambia arudi. Nafasi yake kwenye meza ya kuchapa ipo, na mzee mgongo umeisha. Wamekubaliana hivi: kama kazi yake itatundikwa ukutani mahali pa watu, na ikakaa mpaka mwisho wa maonesho, baba atamwacha aendelee. Ikishindikana, arudi akachape. Na yeye kuchapa hakukuona kama aibu, usije ukanielewa vibaya. Alitaka tu baba yake aone ukuta.

Ndiyo hiyo ilikuwa shida yake yote duniani. Ukuta. Hakutaka kumuuza mtu.

Tulivipeleka viroba kwa gari letu la mizigo. Pale tukapokewa na msimamizi wa maonesho, naye Mhindi, lakini Mhindi wa aina nyingine, suti ya kitani, miwani inaning'inia kifuani, Kiingereza kama kameza redio. Alituzunguka zunguka. Mimi hakuniona kabisa, nilikuwa ni kitu cha kubebea. Akasimama mbele ya viroba, akamuuliza jamaa, India iko wapi hapa?

Nilitaka kumwonesha India iko wapi. India ilikuwa imesimama mbele yake, ina uzi kwenye ndevu.

Jamaa akamjibu kwa upole kwamba kushona kafundishwa na mama yake, na watu hawa baba yake amewafanyia kazi maisha yake yote bila kuwaona. Yule bwana akaguna. Akasema wageni wanakuja kuona Wahindi wachanga, na yeye anawaletea Waafrika. Lakini akakubali vitundikwe, kwa sababu, alisema, vina nguvu. Nilivyosikia vina nguvu nikajua ametafuta neno la kutulipa.

Baadaye akabandika maelezo ukutani. Nikayasoma mimi, polepole, na kidole changu. Yalisema hawa ni wachuuzi wasio na majina. Kwamba msanii anawapa sura wale ambao dunia imewafuta, na kwamba herufi zilizo chini ni msimbo usiojulikana wa biashara.

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia yule bwana, kwa Kiingereza changu cha maboksi, kwamba majina wanayo. Huyu ana jina, huyu ana jina, huyu ana watoto waliosoma kuliko wewe. Na hizo herufi zinajulikana, nenda bandarini Dar uulize. Akamgeukia jamaa, akamuuliza kama huyu mtu wa mizigo ameshamaliza kushusha.

Jamaa akanishika mkono. "Kaka," akasema. "Bado. Baba."

Nikanyamaza. Unajua mimi kunyamaza kunanigharimu nini. Nilikwenda nje nikapiga teke pipa la taka, likanirudishia maumivu ya kidole wiki nzima.

Ufunguzi ulikuwa Jumamosi mchana. Niliwaalika wale waliochorwa ambao bado walikuwepo mjini. Akina mama wakajipamba. Kanga mpya, udi, viatu vya harusi. Tukapanda treni ya chini ya ardhi, watu wanasogea pembeni na sisi tunacheka. Tunafika mlangoni, mlinzi anataka pasipoti. Mbele yetu kaingia mzungu na mbwa mdogo kwenye mkoba, hakuulizwa hata mbwa. Sisi pasipoti. Nikamuuliza kwa Kichina hao wengine wameonesha nini. Akaniambia meyo, meyo, hakuna, hakuna, anatikisa mkono kama anafukuza nzi. Ningeanza hapo hapo, lakini jamaa alitoka ndani mbio, kavaa shati jeupe alilopiga pasi mpaka linang'aa, akasimama mlangoni akasema hawa ni wageni wangu, hakuna anayeingia mpaka wao waingie. Akasimama hivyo, akaziba mlango na mwili wake mwembamba ule, mpaka tulipopita wote. Hiyo haimo kwenye video. Hakuna aliyerekodi hiyo.

Ndani kulikuwa kuzuri, sitasema uongo. Kuna binti alikuwa kachonga nyumba kwa sabuni za kufulia, mtaa mzima, umbali wa hatua chache unanusa nguo safi. Kuna mwingine alipaka rangi juu ya turubai la bajaji, ungeona pale lilipokuwa limechanika na kushonwa. Kuna kijana kapanga sinia za chuma kutoka sakafuni mpaka juu, ukipita zinatetemeka. Nilikaa sana kwa yule wa turubai. Vijana wote wale, rika langu, wamesimama pembeni ya vitu vyao kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Nilijisikia vizuri kwa muda. Nilijisikia kama mahali pale na mimi pananihusu.

Viroba vilikuwa chumba cha mwisho, ukuta mzima. Jamaa alikuwa kashika simu, baba yake yuko kwenye video. Mzee kavaa fulana, nyuma yake unaona vitambaa vinaning'inia. Jamaa anamzungushia simu, kiroba kwa kiroba, anaongea haraka haraka kwa lugha yao. Mzee anatazama tu, kasogeza uso mpaka unaona jicho moja na nusu ya pua.

Mama wa Zanzibar akaingia na wenzake. Akajiona.

"Ndo mie huyu?" akasema. "Yarabi. Mgongo wote huu naubeba mwenyewe."

Wenzake wakacheka, mmoja akamwambia kwa mgongo ule angeweza kuolewa tena. Naye akacheka, akasogea karibu, akainua mkono kama anataka kujishika bega. Halafu macho yakashuka chini. Akaiona alama.

Nilimwona anavyobadilika. Watu walikuwa wanapiga picha. Kijana mmoja kachuchumaa, simu yake iko kwenye ile alama kabisa, anaivuta ikaribie. Mama akamtazama, akatazama alama, akatazama chumba kizima na wageni wake, na simu zao. Wao walikuwa wanaona herufi. Yeye alikuwa anaona mtu yeyote pale anakwenda kununua kiroba cheupe, anaiga, anajaza anachotaka.

Hakuuliza mtu. Angeuliza vipi? Kiroba chenye alama yako ni chako, unakishika. Akanyoosha mikono akaanza kukitoa kwenye ndoano, kwa namna ile ile anavyotoa kiroba kwenye rafu ya stooni, anatikisa, anavuta, anatikisa. Ndoano moja ikaruka.

Hapo ndipo mlinzi alipokuja. Kaja mwenyewe, sikiliza vizuri, hakuitwa na mtu. Kamshika mama mkono. Mama akapaza sauti, "Niache, n'changu hicho." Akina mama wengine wakaanza kupiga kelele. Na mimi nikaanza kusogea kwa mlinzi, na sikuwa nasogea kusalimia.

Jamaa akatia simu mfukoni bila kuikata. Akaja katikati, akanyoosha mikono yote miwili. Ndiyo hiyo mikono ya video. Mkono mmoja ulikuwa kifuani kwangu ananizuia, mwingine ulikuwa kwa mlinzi. Aliyekuwa anarekodi alisimama upande ambao mimi sionekani. Kwa hiyo wewe umeona Mhindi kanyoosha mikono mbele ya mama wa watu. Mimi mmoja wa mikono hiyo niliusikia kifuani kwangu, unanisukuma nyuma.

Msimamizi akafika. Akamwambia jamaa, kwa sauti ya chini, ile sauti ya watu waliozoea kusikilizwa, kwamba huyu mwanamke anaharibu kazi yake. Aseme hivyo tu, kwamba anaharibiwa kazi, na watamtoa nje, kiroba kitarudishwa ukutani na maonesho yataendelea. Lakini viroba ni kazi moja. Kimoja kikitoka vyote vinatoka, ndivyo walivyokubaliana, na mtu mwingine atapewa ukuta.

Neno moja tu alitakiwa kusema. Kwa Kiingereza, na mama asingelielewa.

Jamaa akampa mgongo. Akamgeukia mama. "Mama," akasema, "alama hii bado?"

Mama alikuwa anahema. "Kontena langu liko Nansha, mwanangu," akamwambia. "Kwa alama hiyo hiyo. Kila nilicho nacho kimo ndani."

Jamaa akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nautazama mfuko wa shati lake, ile simu inaonekana kwenye kitambaa, taa yake bado inawaka, na mzee wa watu humo ndani anasikia kelele za lugha asiyoijua. Halafu akamwambia mlinzi kwa Kichina amwache, mzigo ni wake. Mlinzi akamtazama msimamizi. Jamaa akarudia. Mlinzi akaachia.

Akaitoa ile ndoano ya pili mwenyewe. Akakishusha kiroba, akakilaza sakafuni, akakikunja kama tunavyokunja stooni, mgongo wa mama ukiwa ndani, akampa kwa mikono miwili. Mama akakipokea, akakitia kwapani chini ya baibui. Alikuwa ameokoa mzigo wake. Sidhani kama wakati ule alijua umemgharimu nani.

Msimamizi akasema basi, kwa sauti ndogo kabisa, akaondoka. Nikamfuata. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, nilikuwa na maneno ya lugha tatu. Wale wasanii wengine, vijana wenzake, wamejazana mlangoni. Yule wa sabuni anatazama viatu vyake. Yule wa sinia anatazama dari. Hakuna hata mmoja aliyesema mwacheni mwenzetu. Wale niliokuwa nimewaona kama watu wangu dakika chache kabla. Nilitaka kuzisukuma zile sinia zote zianguke, na mpaka leo najilaumu sikuzisukuma.

Nyuma yangu jamaa akaniita. "Kaka. Shika hapa, tukunje."

Alikuwa ameshaanza kutoa kiroba cha pili. Kwa hiyo nikarudi, nikashika upande mmoja, tukakunja. Kimoja kimoja, mbele ya watu wanaokunywa juisi. Mlinzi aliyemshika mama ndiye aliyetufungulia mlango. Tulipofika nje jamaa akatoa simu mfukoni. Ilikuwa imeshakatwa, na siyo yeye aliyeikata.

Baba yake alimwambia nini baadaye sijui. Hakuniambia, na mimi sikuuliza, na unajua mimi si mtu wa kutouliza. Ninachojua ni kwamba tiketi ya kurudi amekwisha kukata. Na ninajua jioni ile alivichana viroba vyote vilivyobaki, pale penye alama, kwa wembe alioniomba mimi. Migongo akaiacha, alama akachana vipande vidogo, akavitia kwenye mfuko wa taka, akaufunga fundo.

Wiki iliyofuata video ikaanza kutembea. Kwanza nilicheka, nikadhani akina mama watasema. Wawili walijaribu, wakaambiwa wamehongwa. Basi nikamtumia sauti yule mama, alikuwa ameshafika Zanzibar, nikamwomba aseme neno moja tu kwenye grupu. Akaniambia Mungu atamlipa yule kijana, anamwombea kila sala, na kanga za watoto wake atazinunua za mji wa kwao kijana. Lakini kusema hawezi. Akisema, watamuuliza ni alama gani, ikoje, kwa nini aliogopa, na mzigo wake bado haujatoka bandarini. Nimsamehe.

Nilikasirika naye. Nasema wazi. Nilikaa na ile simu nikawa namjibu moyoni maneno ambayo mtu hamwambii mama yake. Halafu sikumtumia chochote, kwa sababu yeye ndiye aliyenilisha nilipofika mji huu sina jamaa, na kwa sababu nikiweka akili yangu sawa, naona alivyosimama katikati ya zile simu zote, na kila alicho nacho kimo kwenye kontena moja. Hasira nayo ikakosa pa kukaa, ndiyo maana imekuja kwako.

Maana wewe hukuwa na kontena pale. Hukuwa na baba kwenye simu. Wewe ulikuwa na kidole tu, ukabonyeza, ukaituma. Na sasa jamaa anapita Xiaobei watu wanageuka. Wale wale waliokuwa wanavuta ushungi wapendeze mgongoni, sasa akipita wanafunika mpaka mabega kama vile kaja na kisu. Juzi kaingia mgahawani kununua chai, kijana mmoja wa Kariakoo hapo, hata sijui kafika lini mji huu, akamwambia Mhindi hapa hatuchorwi. Jamaa akasema, "Tayari, kaka," akaiacha chai mezani akatoka. Nilimrukia yule kijana. Walitutenganisha. Ningemrukia tena.

Halafu unakuja wewe unaniambia Mhindi ni Mhindi, hawezi kukuchagua mbele ya faida yake. Nimeshakueleza faida yake ilikuwa nini na ilikuwa wapi, na alikuwa anaombwa neno moja tu la Kiingereza ili abaki nayo. Mimi rafiki yake, kwa ninavyojijua, na baba yangu angekuwa kwenye simu ile anatazama, sina uhakika ningenyamaza. Sasa niambie na wewe, na usinipe jibu la kwenye grupu: ungekuwa wewe, ungekishusha?